Mbwa Mwenye Makaa Machoni

Sogeeni karibu; anayeogopa mbwa ashike goti la mwenzake.

Katika kijiji kimoja cha mlimani, asubuhi za ukungu, alisimama njiani mbwa mweusi mwenye makaa ya moto mahali pa macho. Ilisemekana amwonaye hamalizi mwaka. Mwindaji alimtupia mkuki, ukapita kama katika moshi, na mbwa akawa mkubwa kama ndama. Mganga alimpiga kwa fimbo ya dawa. Mbwa akawa kama fahali. Watu wakaihama ile njia.

Asubuhi moja mvua ilizima moto wa Bi Mwajabu, na binti yake alikuwa amejifungua alfajiri ileile. Kichanga kilitetemeka kwa baridi. Bi Mwajabu akachukua kigae, akatoka kwenda kuomba moto kwa jirani, kama tufanyavyo sote. Njiani akamkuta mbwa.

"Umeamkaje, jirani? Naomba moto."

Mbwa akanguruma.

"Naomba moto. Nyumbani kuna mzazi."

Mbwa akatoa meno.

"Jirani, moto haunyimwi mtu."

Mbwa akainamisha kichwa. Kaa moja likadondoka kwenye kigae, kisha la pili. Mahali pake yakabaki macho ya kawaida ya mbwa, naye akapungua mpaka akamfikia Bi Mwajabu magotini.

Kichanga kikapata joto, kikalala. Mchana mganga alikuja kumpa mzazi pole, akamwona mbwa kando ya mafiga.

"Mwajabu, huyu unamweka ndani?"

"Moto ni wake," alijibu Bi Mwajabu. "Nimwambie akaote wapi?"