Kwa Nini Tunakufa Bila Kuuawa

Siwasimulii jambo zuri. Nawasimulia lililokuwa, na anayetaka la kumfurahisha akawashe redio.

Wakati huo dunia ilikuwa maji tu, na mawe ambayo yalikuwa bado hayajapoa. Hakukuwa na mti wala samaki, wala mtu wa miguu miwili wa kuja kuuliza maswali. Waliokuwa hai walikuwa watu wadogo mno, hata ungewekewa elfu juu ya ukucha usingehisi kitu. Kila mmoja alikuwa tone la maji lililozungushiwa ngozi, basi. Mjukuu wangu Mwanahamisi, huyu anayesomea uuguzi, anasema hao wanaitwa seli. Waitwe wanavyoitwa. Mimi nawaita watu, maana tabia zao zilikuwa za watu.

Watu hao hawakuwa wakizeeka. Hilo lisikilizeni vizuri, kwa sababu ndilo tulilopoteza. Mmoja akishiba alijigawa wakawa wawili, na wewe uliyekuwa ukimtazama usingejua yupi mama na yupi mtoto. Waliliwa, ndiyo. Walikaushwa na jua, wakaunguzwa na maji ya moto. Lakini aliyekaa mahali pake bila kuguswa aliendelea kukaa. Hakuna aliyeumwa magoti.

Na hakuna aliyekuwa na joto ndani. Chakula kilichacha tumboni taratibu kama togwa iliyosahauliwa mtungini, na nguvu waliyoipata ilitosha kusogea kidogo wakatafute chakula kingine. Yalikuwa maisha ya baridi na ya kipuuzi. Hata hivyo hayakuwa na matanga.

Kisha wakazuka watu wa kijani. Hao walijifunza kula jua, na kila waliposhiba walitoa pumzi ya hewa kali ambayo haikuwahi kuwepo. Nyinyi leo mnaivuta na kuisifu kuwa ni hewa safi. Wakati ule ilikuwa sumu. Ilimgusa mtu ikaanza kumtafuna kama kutu inavyotafuna bati. Maji yakajaa maiti, na watu wa kijani wakaendelea kuota jua kana kwamba wanaokufa ni wa dunia nyingine.

Miongoni mwa waliokuwa wakitafunwa alikuwako Bi Mafumbato. Huyu alikuwa mkubwa kuliko wenzake, mvivu, ngozi imemlegea kama nguo ya kuazima. Hakuwa na mdomo. Yeye na ukoo wake wote walikula kwa kukumbatia: anakuzungushia ngozi yake mpaka unajikuta uko ndani, halafu anakuyeyusha. Ubaya ni kwamba kusalimiana kwao kulikuwa vilevile. Aliyekumbatiwa hakujua kama yeye ni mgeni au ni kitoweo mpaka aanze kuyeyuka.

Kwa ajili hiyo waliweka desturi. Aliyemezwa akitaka kuhesabiwa mgeni, atoe kitu chake kimoja amkabidhi mwenye nyumba amtunzie, na kila siku atakayokaa aongeze kingine. Mwenye nyumba akishapokea, hawezi tena kumyeyusha. Na kwa kuwa watu wale hawakuwa na mikeka wala vyungu, kitu pekee walichoweza kutoa kilikuwa ujuzi wao. Kila ujuzi ulikuwa uzi, umeviringishwa ndani ya mtu: uzi wa kuogelea, uzi wa kutafuta chakula, uzi wa kushona ngozi. Ukiutoa uzi, na ujuzi umeondoka nao.

Basi kulikuwa na ndugu wawili wa kike, Cheche na mdogo wake Mwako. Walikuwa wembamba, hodari wa kuogelea, na njaa ilikuwa haiwaachi. Lakini ile hewa kali haikuwadhuru. Waliinywa, wakachomea chakula chao kidogo, wakapata moto ndani ya miili yao. Katika maji yale yote wao peke yao ndio waliokuwa na joto.

Siku moja Bi Mafumbato, vidonda vimemjaa, alimkumbatia Cheche. Na hakuwa akimsalimu. Cheche alipojiona yuko ndani hakupiga kelele. Alianza kuinywa hewa kali iliyokuwa imemwingia bibi yule, akawasha moto wake. Bi Mafumbato akasikia maumivu yanapungua. Akasikia na jambo jingine ambalo hakuwa na jina lake, kwa sababu hakuwahi kupata joto tangu awepo.

“Umenifanya nini wewe?” akauliza.

“Nimeinywa hiyo inayokuua, bi mkubwa. Usiniyeyushe, nami nitaendelea kuinywa.”

“Haya. Toa kitu nikutunzie.”

Wakakubaliana kwamba Cheche akae mpaka vidonda vipone, kisha aende zake na nyuzi zake zote. Cheche akatoa uzi wa kuogelea, maana humo ndani angeogelea kwenda wapi. Bi Mafumbato akauweka katika sanduku lililokuwa katikati ya mwili wake. Na Mwako, aliyekuwa nje akihangaika, akaambiwa kupitia ngozini asubiri kidogo, dada yake anakuja.

Siku ya pili Cheche akatoa uzi wa kutafuta chakula, kwa kuwa chakula alikuwa analetewa. Siku ya tatu akatoa uzi wa kumtambua adui. Msimwite mjinga. Alikuwa amechoka na njaa, na kwa mara ya kwanza ameshiba. Mimi nimekaa katika ndoa miaka arobaini na miwili, najua mtu anavyovitoa vyake kimoja kimoja, na kila kimoja ana sababu nzuri ya kukitoa.

Bi Mafumbato akapona. Hakupona tu, alinawiri, akawa mkubwa mara elfu ya alivyokuwa, akaanza kufanya mambo ambayo ukoo wake haukuwahi kuyaota. Cheche naye akajigawa humo ndani, wakawa kumi, wakawa mia, wote wakiitwa Cheche, wote wakichochea moto. Mwako alikuwa akija kila siku kugonga ngozini na kuita. Mwanzoni dada yake alijibu haraka. Baadaye alijibu akiwa na kazi. Baadaye Mwako aliita mara tatu ndipo akasikia sauti.

Mwisho Mwako akasema, “Dada, bibi huyu mzima kuliko mimi na wewe. Toka twende.”

Cheche akasogea mpaka ukingoni. Aliposikia ile baridi ya nje ndipo akakumbuka kwamba hajui kuogelea, wala hajui chakula hutafutwa vipi. Akajitazama ngozi yake mwenyewe. Ilikuwa imechakaa, na hakujua hata aanzie wapi kuishona, maana uzi huo nao alikuwa ameutoa, asikumbuke ni lini. Siku nyingi ngozi yake ilikuwa inashonwa na mwenye nyumba.

Akarudi katikati akaomba vitu vyake. Bi Mafumbato akafungua sanduku bila ubishi. Naomba mlielewe hilo. Hakuwa mwizi. Lakini nyuzi zilikuwa zimekaa humo siku nyingi mno, na yeye, kila alipotaka kujishonea kitu, alichukua uliokuwa karibu. Walizitazama pamoja, zimesokotana.

“Nitafutie wa kushona ngozi tu,” Cheche akasema. “Hizo nyingine baki nazo.”

“Mwanangu, nimeushona na wangu. Ukiuvuta, mimi nafumuka, na wewe umo ndani yangu.”

“Ulisema utanitunzia.”

“Nimekutunzia. Huoni haujapotea hata mmoja?”

Cheche akarudi ukingoni kumwambia mdogo wake aende. Mwako akakataa. Akasema atakaa hapo hapo mpaka njia ipatikane. Alikuwa bado anasema hivyo alipopita mmoja wa ukoo wa Mafumbato, akamkumbatia.

Cheche alisikia yote kupitia ngozi. Alimsikia yule mkubwa akimwambia Mwako atoe kitu atunziwe, hata kidogo, hata uzi asioutumia. Akamsikia Mwako akijibu kwamba hatoi hata mmoja, kwa sababu ameona aliyetoa yuko wapi.

“Toa, Mwako!” Cheche akalia. “Toa uishi!”

Mwako hakutoa. Akayeyushwa na nyuzi zake zote.

Kwa hiyo aliyetoa kila kitu hakutoka, na asiyetoa kitu hakubaki. Wapo watakaowaambia kwamba kulikuwa na njia ya katikati. Mimi sijaiona.

Cheche akarudi katikati. Kisha akamwambia mwenye nyumba kwamba kuna uzi mmoja ambao hakuwahi kuutoa, kwa kuwa aliuhitaji kila siku: uzi wa moto.

“Nitakuchochea moto huu maadamu uko mzima,” akasema. “Lakini masizi yake yatakuchafua, na kila mwaka utakuwa mkongwe zaidi. Siku nyumba itakapoharibika sitakaa kuisubiri iporomoke. Nitafungua mlango wa jiko.”

“Ukifungua, na wewe unaungua.”

“Najua.”

Bi Mafumbato akamwomba, akamsihi, akamwita mwanangu mara nyingi. Hayakusaidia. Hakuweza kumtoa, maana bila moto angekufa siku hiyo hiyo, na hakuweza kumnyang'anya uzi ule.

Na tangu siku hiyo, kila aliyetoka katika mwili wa Bi Mafumbato anazeeka. Muhindi unazeeka, mbuzi anazeeka, kunguru na ujanja wake wote anazeeka, na mimi mnaniona. Mwili wako ni wajukuu wa Bi Mafumbato walioshikana, kila mmoja ni nyumba, na ndani ya kila nyumba wamo akina Cheche kwa mamia, wamefungiwa, wanachochea. Ukimpakata mtoto ukahisi kwapa lake lina joto, unaona ni afya, na kweli ni afya. Ni yule Cheche anafanya kazi. Hata vidole vyenu viliachana mlipokuwa matumboni kwa sababu watu wadogo waliokuwa katikati yake walifunguliwa mlango wa jiko wakafa. Na hapa mlipokaa mkinisikiliza, humo ndani wako wanaofungua, mmoja baada ya mwingine, na nyinyi hamsikii chochote.

Ndiyo maana mkimkuta mtu amelala hana jeraha, hana homa, hakuna aliyemkaribia, msikimbilie kwa mganga mkatajiwe jina la jirani. Hakuna aliyeingia kutoka nje. Ni mgeni aliyechoka, na huyo alikuwa ameomba kuondoka kabla ya kuwepo samaki.