Tundu la Mpini wa Mundu

Hapo zamani, bibi yake bibi yangu akiwa na meno yake yote, alikuwako mhunzi huku milimani, jina lake Mzee Senkoro. Alifua majembe, alifua mashoka, alifua miundu. Macho yakaanza kumtupa mkono, na mtoto wa kumrithi hakuwa naye. Akatangaza:

"Nataka wa kumwachia kiwanda changu, moto wake na mivukuto yake. Aniletee mpini wa mundu, tundu lipite katikati, linyooke toka kichwani hadi mkiani. Lakini kiwanda kina mlango mmoja, na mwenyewe atakuwa mmoja."

Mtasema, tundu tu? Ngojeni. Mundu una mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Tundu likienda upande, mundu nao hutazama upande, nawe unakwenda kukata majani, unarudi umekata muundi.

Akatokea Mrutu, mwanamume mwenye mikono kama michi. Akaketi kiwandani, akaubana mpini kwa nyayo, akazungusha keekee ya kutobolea kwa uta wake. Mpini wa kwanza, tundu likatokea ubavuni. Wa pili, ubavuni. Wa tatu, ubavuni. Mpaka wa saba! Mkewe, Nakijwa, wiki nzima hakwenda kuni, alipikia mipini.

Siku ya nane Nakijwa akampelekea uji. Mwanamke haingii kiwandani, ndio mwiko wao; eti moto utasusa. Akasimama nje ya kizingiti, sawa na bega la mumewe. Akacheka.

"Baba Nanzia, keekee imekulalia tumboni."

"Imesimama! Naiona."

"Unaiona ikilala kushoto au kulia. Ikikujia tumboni huioni. Mimi wa ubavuni ndiye niionaye. Sukuma kidogo. Kidogo, nimesema! Haya, hapo hapo."

Akisema vuta, Mrutu anavuta. Akisema sukuma, anasukuma. Tundu likatokea katikati kama kitovu.

Wangeishia hapo, wangekula pamoja. Lakini ulimi wa Mrutu haukuwa na kizingiti. Kwenye pombe ya miwa akajitapa, "Nikishapata kiwanda, naoa wa pili. Yule wa ng'ambo ya mto, mwenye mwanya." Mimi sikuwapo, na kusengenya si tabia yangu. Ila maneno yalimfikia Nakijwa kabla kibuyu hakijaisha, na aliyeyapeleka namjua. Simtaji. Ni wa ukoo wetu.

Mwingine aliyeutaka urithi ni Kilave, mvivu aliyefikiri akiwa amelala. Huyu hakuchonga mpini. Alichukua gogo nene, akalitoboa kwanza. Tundu likanyooka, ila likaenda mshazari. Hakutupa. Akachomeka kijiti tunduni, akashika kisu, akapunguza gogo huku, akapunguza kule, akilifuata tundu liendako, mpaka kijiti kikawa katikati. Halafu akalala tena.

Siku ya kupima ikafika. Mzee Senkoro macho hayakumfaa, lakini mdomo alikuwa nao. Aliupenyeza uzi wa chuma tunduni, akauzungusha mpini juu yake, akausogezea mdomo wa chini. Tundu likiwa upande, mpini hugonga mdomo, ta! ta! ta!

Wa Mrutu haukugonga. Wa Kilave haukugonga.

Mrutu akaruka. "Mzee, huyu mwongo! Ametoboa kwanza, akachonga baadaye!"

Kilave akapiga miayo. "Mzee alitaka tundu la katikati. Alisema kipi kitangulie? Wewe umeua mipini saba, mimi gogo moja. Fundi nani hapo?"

"Mimi jasho langu limo humo!"

"Na macho yangu je?" Sauti ikatoka mlangoni. Ni Nakijwa. "Mimi ndiye niliyelinyoosha tundu hilo."

Mzee akashtuka. "Mwanamke, uliingia kiwandani mwangu?"

"Sikuingia, baba. Miguu ilibaki nje. Macho ndiyo yaliyoingia, na moto haukususa."

Watu wakacheka. Mrutu hakucheka. "Bila mikono yangu, hayo macho yangetoboa nini? Uji? Tena wewe mke wangu. Kikiwa changu si chako?"

"Chetu sisi, au cha mwenye mwanya?"

Mrutu akashikwa na kikohozi.

"Mpe, baba," Nakijwa akasema. "Mpe, halafu mwambie atoboe mwingine leo hii. Mimi macho nayafunga." Akayafunga kweli, pale pale kizingitini. Mrutu akaitazama keekee, wala hakuinyanyua.

Mzee Senkoro akabaki na mpini huku na mpini huku, mdomo bado ameutokeza kwa kupima. Nje watu wamesimama na miundu isiyo na mipini, na ulezi umeiva mashambani.

Bibi yangu akifika hapa alikuwa akiinuka kwenda kuchochea moto, makusudi, atuache tugombane. Nami nimefika. Mikono iliyotoboa ni ya Mrutu. Macho yaliyonyoosha ni ya Nakijwa. Akili iliyolifuata tundu ni ya Kilave. Na mlango ni mmoja.

Mbona wewe huko nyuma unakohoa, kwani nimekutaja? Haya, anza wewe: je, nani alistahili?