Walioitika Mbiu

Mtu mmoja alikuwa na shamba kando ya bwawa la kijiji, huko milimani Upare. Jina lake Kiangi. Hakuwa mgeni, alizaliwa hapo hapo, akakuzwa na maji yale yale yaliyonywesha migomba ya wote.

Kila ukuta wa bwawa ulipobomoka, mbiu ilipigwa kwa pembe, na mafundi wa ukuta waliacha vyungu vyao motoni wakaja na mawe na udongo. Hawakuuliza nani kaita. Nawasifu watu hawa bila kificho, kwa maana pasipo wao kijiji kingekufa zamani.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kiangi akajifunza kuiliza pasipo na jambo. Akasema shamba lake limeumia, mafundi wakalizungushia ukuta. Akaita tena, wakamchimbia mfereji wa peke yake. Akaita tena, wakalegeza udongo wa jirani ili apate kutanua shamba lake. Hakuiba hata jiwe, aliletewa. Mwishowe walimzoea, wakawa wanakwenda kumjengea hata asipoita, mpaka ndani ya bwawa. Bwawa likajaa kuta, maji yakakosa pa kukaa, migomba ya mafundi wenyewe ikakauka na watoto wao wakalala njaa.

Ndivyo ilivyo saratani ya tumbo, ndugu zangu. Seli zilizoasi ni za mwili wenyewe. Huziita seli zinazounga na kushikiza nyama ya tumbo, kana kwamba pana kidonda, nazo huitika, kwa kuwa kuitika ndiyo kazi yao. Tumbo hukakamaa kwa wingi wa matengenezo.

Siku moja mbiu ililia, na fundi mmoja, mama aliyeitwa Nakijwa, akaja na kikapu chake cha udongo kama wenzake. Lakini hakukitua.

"Kaka Kiangi, tuonyeshe kwanza palipobomoka."

Kiangi hakuwa na pa kuonyesha. Nakijwa akalia, maana ukuta ule wa shamba aliujenga yeye, tena ulikuwa mzuri. Kisha akang'oa jiwe la kwanza, na wenzake wakamfuata. Kujenga hakukuwahi kuwachosha kama kubomoa kule, lakini hawakuacha, na maji yakaanza kurudi kidogo kidogo. Hapo ndipo heshima yangu kwao ilipozidi.

Nawe, mikono yako myema inamjengea nani?