TV ya Chogo Iliyoona Mengi

Kompyuta ya zamani ya Fundi Tunu ilikataa kila skrini mpya. Ilitaka TV ya chogo. Moja tu nzima ilibaki mtaani, ya tajiri Mahfudhi, aliyeigeuza meza ya kuwekea maua.

“Siuzi wala siazimishi!”

“Basi niijaribu tu hapo hapo, bwana.”

Tunu akachomeka kompyuta yake. Kioo kikaandika: NIKO SEBULENI MIAKA ISHIRINI. NAMJUA ALIYEDOKOA NYAMA YA BIRIANI. SI PAKA.

Mahfudhi aliruka. “Itasema zaidi?”

“Labda mkeo akirudi.”

“Iondoe! Ibebe sasa hivi!”

Nyuma ya ukuta, mke wa Mahfudhi alikuwa akimsubiri Tunu atoke na TV.

“Shoga, yale maneno niliyokupa ameyasoma?”

“Kanipa TV bure!”

“Kumbe ni yeye! Maskini paka wangu, nilimfukuza!”