Kwa Nini Watu wa Kivindo Huulizana Chunguni Mna Nini

Zamani, mlima wa Kivindo ulipokuwa na watu wachache na msitu mwingi, chungu kilikuwa siri ya mwenye nyumba. Majiko yalijengwa nyuma ya nyumba, na mgeni alipopiga hodi, kitu cha kwanza mama alichofanya ni kufunika chungu kwa ungo. Watu waliulizana habari za mvua, za mbuzi, za mtoto anayeota meno. Chakula hakikutajwa. Ukikaribishwa kula ulitakiwa kusema, "Nimeshiba," hata kama tumbo lilinguruma mpaka mwenyeji akalisikia.

Sababu yake ilikuwa aibu. Watu waliamini kwamba asiye na chakula ni mvivu, na hakuna mzazi aliyetaka binti yake akose mchumba kwa kuwa nyumba yao iliwahi kulala na njaa. Basi wanawake walikuwa na desturi yao. Kabla ya kwenda kuteka maji asubuhi, kila mmoja alichovya kidole kwenye kibuyu cha mafuta ya kondoo, akajipaka midomoni, ili akutwe anang'aa kama mtu aliyetoka kula nyama.

Mlima wenyewe ulikuwa na neema za aina mbili. Juu, kwenye ukungu, zilistawi ndizi na magimbi. Chini, karibu na mbuga, ulistawi mtama na kunde. Katikati palikuwa na chemchemi moja, na hapo watu wa juu na wa chini walikutana kila asubuhi, wakasalimiana, wakatazamana midomo, wakarudi makwao.

Ukaja mwaka ambao mvua ilikomea juu. Mawingu yalifika, yakakaa juu ya migomba, hayakushuka. Huko juu migomba ilizaa mpaka ikabidi itegemezwe kwa magogo. Chini, mtama ulikauka ukiwa haujafika hata magotini. Watu wa chini walikula akiba, wakala mbegu, kisha wakaanza kuchuma majani ya porini. Watu wa juu waliwalisha mbuzi ndizi, na zilizobaki zikaoza. Hawakuwa watu wabaya. Kila asubuhi waliwaona wenzao wa chini wakiwa na midomo inayong'aa, wakaambiana, "Wale wanakula nyama. Tukiwapelekea ndizi watatucheka."

Kule chini aliishi mama kijana aliyeitwa Nakiete. Mumewe alikuwa amesafiri mbali kutafuta chumvi na alikuwa hajarudi. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Nanzia, ambaye alikuwa ameanza kutembea, kisha akaacha. Miguu yake ilikuwa haimbebi tena. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka, na mtoto hakulia kwa nguvu kama zamani. Nakiete aliona wazi kwamba akiendelea kunyamaza atamzika mwanawe. Lakini hakuwa msemaji. Mbele za watu sauti yake ilikuwa ndogo, na aibu ilikuwa kubwa.

Asubuhi moja alijipaka mafuta kama kawaida, akamfunga Nanzia mgongoni, akaenda chemchemini. Jirani yake Namsemba alikuwepo tayari.

"Mama Nanzia, jana mmechinja tena?" Namsemba alimtania. "Midomo hiyo!"

"Kidogo tu," alijibu Nakiete. "Na wewe je, shoga? Mbona hata kidevu kinang'aa?"

Wanawake wakacheka. Nakiete akamfungua mtoto na kumpakata, apumzishe mgongo akingoja zamu yake ya kuteka. Nanzia akasikia harufu ya mafuta. Akainua kichwa, akamshika mama yake mashavu kwa mikono miwili, akaanza kumlamba midomo. Alilamba wa juu, akalamba wa chini, akafuata pembe zote mbili, kama mwanambuzi anavyolamba jiwe la chumvi. Alipomaliza alimtazama Namsemba, akanyoosha mikono kuelekea kidevu chake.

Kicheko kikakatika.

Nakiete alisimama palepale, midomo imekauka, uso unawaka. Hapakuwa na cha kuficha tena. Akasema, na ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia sauti yake ikitoka yote, "Chunguni mwangu mna maji tu."

Namsemba akachukua ncha ya nguo yake, akafuta midomo polepole. "Na mwangu pia," alisema. "Jana nimechemsha maji matupu ili mwone moshi."

Mwingine akafuta, na mwingine, mpaka wanawake wote wa chini wakabaki na midomo iliyopasuka.

Kati ya watu wa juu alikuwepo bibi mmoja mwenye ulimi mkali, jina lake Namcheja. Alitua mtungi wake kwa kishindo. "Mbuzi wangu amenenepa kwa ndizi mpaka hawezi kupanda kilima," alisema kwa hasira, "na ninyi mmekaa hapa mnajipaka mafuta! Mna wazimu? Na sisi tuliowaamini, tuna akili gani?" Aligomba hivyo huku machozi yanamtoka, na kabla jua halijawa kali alikuwa amerudi na mkungu wa ndizi kichwani. Siku hiyo Nanzia alikunywa uji wa ndizi. Alikunywa kidogo, akalala, akaamka akataka tena.

Hata hivyo nyumba zilikuwa nyingi, na uji wa siku moja hauwezi kumsimamisha mtoto. Wanawake wakaamua kwenda kwa Mzee Kalutu, mtunza baragumu. Baragumu hilo lilipopigwa, kila nyumba ilitoa mtu wa kwenda kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mifereji, na asiyetokea alitozwa mbuzi. Walimwomba alipige ili watu wabebe chakula.

"Baragumu hili ni la mfereji," alisema Mzee Kalutu. "Halijawahi kupigwa kwa ajili ya tumbo. Mkitaka kubebeana ndizi, bebeaneni. Msilihusishe."

Basi wakabebeana bila kuitwa na mtu, bila malipo na bila kutozwa mbuzi. Wenye njaa hawakuwa na nguvu za kupanda hadi juu, na wa juu hawakuweza kuacha nyumba zao kutwa nzima. Kwa hiyo kila mmoja alichukua kipande chake cha njia. Mmoja alitoa kapu migombani hadi kwenye mwamba, mwingine akalipokea hapo hadi chemchemini, na wa chini akalishusha hadi nyumbani.

Mwanzoni walikosea, na lilikuwa kosa la watu wenye haya. Ili wasimwaibishe mtu, waliacha makapu nje ya milango kimyakimya, wakaondoka. Wenye nyumba walipoyaona walisema kwa sauti, majirani wasikie, "La nani hili? Si letu, sisi tumeshiba!" Kapu likabaki pale. Nyani wakashuka wakala ndizi zote, wakarudi kesho yake na jamaa zao. Siku zile hapakuwa na viumbe walioshiba Kivindo kama nyani.

"Tunalisha nyani," alisema Bibi Namcheja. "Lazima tuulize."

Kuuliza lilikuwa jambo gumu kuliko kubeba. Mwenye nyumba wa kwanza aliwafungia mlango. Wa pili, mwanamume mzima, aliwatukana. "Mmetumwa na nani kuchungulia vyungu vya watu? Hamna kazi makwenu?" Wanawake wakarudi nyuma, wengine wakasema afadhali waache. Hapo Nakiete, akiwa na Nanzia mgongoni, akasogea mlangoni. Hakuuliza. Alisema kwanza habari zake. "Shemeji, chunguni mwangu mna uji wa ndizi za kupewa. Juzi humo mlikuwa na maji tu. Mwako mna nini?"

Yule mwanamume akamtazama, akamtazama na mtoto. Akatazama chini. "Majani," alisema. "Machungu."

Tangu hapo wakajua namna ya kuuliza. Anayeuliza hutaja chungu chake kwanza. Walipita nyumba hadi nyumba, juu na chini, na kila mlango uliofunguliwa ulitoa jibu la kweli. Palipo na maji, kapu lilikwenda. Palipo na ndizi zinazooza, kapu lilitoka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Kalutu. Alikaa kizingitini na baragumu mapajani, midomo inang'aa.

"Shikamoo, mzee. Chunguni mwangu leo mna magimbi," alisema Nakiete. "Mwenu mna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Sisi tumeshi..."

"Usiwadanganye watoto wa wenzio!" mkewe alipaza sauti kutoka jikoni. "Mna maji, na maji yenyewe nimeyateka mimi! Na hayo mafuta yameisha, kesho utajipaka tope!"

Wanawake waling'ata midomo wasicheke, lakini Mzee Kalutu alianza kucheka mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa. Akajifuta mdomo kwa kiganja. Kisha akasimama, akaweka baragumu mdomoni, akalipiga kwa ajili ya tumbo. Sauti ilipanda hadi kwenye ukungu na kushuka hadi mbugani. Wanaume wakatoka wakidhani mfereji umebomoka, kila mtu na jembe lake. Wakapewa makapu.

Tangu siku ile mstari wa watu haukukatika kati ya migomba na mbuga mpaka mvua iliporudi. Njaa ilipita Kivindo yote, na haikuondoka na mtoto hata mmoja. Watu wa juu walitoa chakula, wakatoa na nguvu zao kupanda mashamba ya chini kwa mbegu walizoomba kwa ndugu zao wa ng'ambo ya mbuga. Mtama ulipokomaa, watu wa chini walijaza makapu yaleyale wakayapandisha juu kwa nyimbo, kapu la kwanza likiwa la Nakiete. Nanzia hakubebwa. Alipanda mlima kwa miguu yake, akianguka na kuinuka, na kila alipoinuka watu walipiga vigelegele.

Ndiyo maana hadi leo, ukifika Kivindo, iwe harusini au njiani, hutaulizwa kwanza habari za safari. Mwenyeji atakutajia kilichomo chunguni mwake, kisha atakuuliza mwako mna nini. Usione ni ufidhuli, na usijibu kwamba umeshiba. Sema kweli. Na mtu akikujibu, "Maji tu," kule kwetu hatumwambii pole. Tunakwenda kuchukua kapu.