Sindano Ndani ya Chupa ya Chai

Usigeuze uso. Wewe unayesoma hapa ulikuwepo. Kama hukuwepo Lipingo, basi ulikuwepo kwenye msiba mwingine, juu ya jamvi lingine, siku mwanamke mmoja alipoulizwa mbele ya watu, "Na wewe, siku yako ikifika atakulilia nani?" Ulisikia vizuri sana. Ukainamia sahani yako ya ugali, ukachambua usipa, vile vidagaa vya ziwani, kimoja kimoja kama mtu anayetafuta sindano, ukatafuna. Leo utasikia tena, na safari hii hakuna sahani ya kuinamia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Watu huitamka methali hii kwa kicheko, lakini maana yake si ya kuchekesha: mwenye shida akiona haya kuionyesha kwa anayeweza kumsaidia, shida hiyo itabaki naye mpaka imzike. Wahenga walimwonya anayeficha. Hawakumtaja anayemfanya afiche, na huyo ndiye mimi na wewe.

Hedwiga alikuwa binti wa wakulima wa kahawa wa milimani Mbinga, mchapakazi, mpole kama maji ya mtungini. Aliolewa na Protasi, fundi wa mashine za kukobolea kahawa, kijana wa ziwani, mzaliwa wa kijiji cha Lipingo. Waliishi Mbinga mjini. Miaka ilipita, nyumba ikabaki kimya, na kila walipoteremka ziwani kusalimia, mama mkwe wake, Mama Edina, alimtazama tumboni kabla ya kumtazama usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado?"

Hatimaye waliuza kahawa, wakasafiri mpaka kliniki moja ya mbali, wakapimwa wote wawili. Majibu yaliwagawia mzigo sawasawa: mayai ya Hedwiga hayakuwa yakikomaa, na mbegu za Protasi zilikuwa chache. Daktari aliwapa matumaini. Hedwiga angejidunga sindano za homoni kila jioni, mayai yakikomaa angepandikizwa mbegu za mumewe palepale kliniki.

Muuguzi aliyemfundisha aliitwa Benadetha, mwanamke mwenye sauti ya juu na mkono mwepesi.

"Unabana ngozi ya tumbo hivi, mbali na kitovu, na kesho unahama sehemu. Saa ileile kila jioni. Bomba likishatumika halirudiwi, sindano yake unaitia kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Dawa ikae kwenye ubaridi, ila isigande. Umenipata?"

"Nimekupata, dada nesi."

"Ukikosa siku, usifidie! Usijumlishe za jana na za leo. Unanipigia simu. Na hii ya mwisho, ya kuyaachia mayai, usiiguse mpaka tumekupima tumbo kwa ultrasaundi na kukuambia dunga. Mayai yakichochewa kupita kiasi, mwili unajaza maji. Tumbo likivimba, ukitapika, mkojo ukipungua, pumzi ikibana, usilale nayo. Njoo, hata kama umekosea. Hapa hatumchapi mtu."

Hedwiga alicheka. Protasi hakucheka. Walipotoka nje alimshika mkono mkewe, akasema, "Mama asijue. Akijua kwamba na mimi nimo, nitamtazama kwa jicho gani?"

Hedwiga alikubali. Kosa la kwanza lilikuwa hilo, na halikuwa lake peke yake.

Sindano zilikwenda vizuri mpaka habari ilipokuja kwamba baba mdogo wa Protasi, Mzee Zabron, amefariki Lipingo. Desturi ya ukoo inajulikana: wake za wana wa ukoo hulala chini katika nyumba ya msiba, jamvi moja, bega kwa bega, mpaka tanga lianuliwe, msiba umalizike. Anayekwenda kulala kwingine huchukuliwa kuwa amemdharau marehemu. Hedwiga alifunga vichupa vyake ndani ya kitambaa, akavitia pamoja na mabomba, kopo dogo la sindano na barafu ndani ya chupa ya chai, akakaza kifuniko. Kule chini angepata barafu kwa wauza samaki. Nani angeshangaa kumwona mwanamke na chupa ya chai msibani?

Lakini jioni ya kwanza hakupata upenyo. Wanawake walijaa kama usipa kwenye kichanja. Wifi yake, Glorious, mwenye ulimi mkali kama wembe, alimwona amekumbatia chupa ile.

"Wifi, hiyo chai gani haigawiwi? Tumiminie basi."

"Ni dawa yangu ya kifua, wifi."

"Kifua? Sisi tulidhani tatizo liko chini kidogo."

Jamvi zima likacheka, msibani! Mama Edina naye akacheka, akiwa amejifunika khanga mdomoni. Simu ya Hedwiga ikaita. Alikuwa Benadetha akitaka kujua hali yake. Aliizima kabla haijaita mara ya pili.

Jioni iliyofuata ikawa hivyohivyo. Siku ya tatu alijiiba mpaka kwenye bafu la matete nyuma ya nyumba. Alikumbuka maneno ya muuguzi, lakini hofu ilikuwa na sauti kubwa kuliko kumbukumbu. Alijiambia kwamba mayai yatakufa njaa kama mche wa kahawa uliosahauliwa kumwagiliwa. Akavuta dawa ya leo na zile alizozikosa, akajidunga zote.

Siku ya kwenda kupimwa ikagongana na ibada ya kuanua tanga. "Vumilia," Protasi alimnong'oneza. "Mama atauliza tunakwenda wapi." Hedwiga aliona jasho lao lote likipotea kama povu la ziwa. Akaingia tena kwenye bafu la matete, akajidunga na ile ya mwisho, bila kupimwa na bila kuambiwa, akitegemea kwamba kesho watakimbilia kliniki. Kesho yake ukoo ukaitisha kikao cha mirathi, na Protasi ndiye aliyetakiwa kukaa mbele.

Tumbo halikusubiri kikao kiishe. Lilianza kujaa polepole, likakaza kama ngozi ya ngoma. Alitapika nyuma ya jiko. Mama Edina alimwona, akalitazama tumbo lile, kisha akapiga kigelegele kilichowafanya wavuvi ufukoni wageuke.

"Zabron ametuachia zawadi! Glorious, chemsha samaki, wale mbufu wanono! Mkwe wangu, kaa, usiinue hata kikombe."

Wanawake wakaja na vicheko vipya. Glorious mwenyewe akamkanda miguu. Hedwiga hakuwahi kupendwa namna ile katika nyumba ile, na penzi hilo likamziba mdomo kuliko matusi yote. Alimtazama Protasi. Protasi alitabasamu, akainamisha macho. Uongo ulikuwa umempa mama yake furaha, nani angeugusa?

Mkojo ukapungua, ukawa mweusi kama chai ya rangi. Kila alipolala chali pumzi ilikata. Alfajiri moja alikwenda ukingoni mwa ziwa kunawa uso, akaanguka kwenye mchanga. Walimbeba mpaka barazani. Mama Edina akamwinamia.

"Mimba changa hiyo, mkwe. Mwanzo huwa hivyo."

"Mama," Hedwiga alisema kwa pumzi fupifupi, "si mimba. Fungua chupa ya chai."

Glorious akaifungua. Vikatoka vichupa vitupu, mabomba, na kopo la sindano zilizotumika. Wifi akapaza sauti: "Sindano za kuzuia mimba! Kumbe anazuia! Kaka yangu anahangaika, yeye anazuia!"

Mama Edina alisimama kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Hedwiga, ndivyo?"

Hedwiga alikuwa na pumzi chache, akachagua pa kuzitumia. "Protasi. Sema. Sema au unizike karibu na baba mdogo."

Protasi alisimama pale, jitu zima la kiume, mikono imemning'inia. Hedwiga alifumba macho, akijua sasa kwamba mtu anaweza kufa akiwa amezungukwa na watu wanaompenda.

"Si za kuzuia, mama," Protasi akasema hatimaye. "Ni za kutafuta mtoto. Tulipimwa. Hata mimi nina kasoro, mbegu zangu ni chache. Mimi ndiye niliyemwambia akufiche. Amejidunga vibaya kwa sababu yenu, na kwa sababu yangu."

Mama Edina alikaa chini pwaa. "Mimi niliyekuzaa, mmenificha?" Kisha akamtazama Hedwiga, akakumbuka alivyocheka ndani ya khanga. "Na mngeniambiaje, hata hivyo. Mimi ndiye niliyewaongoza kucheka." Akainuka, akafunga khanga kiunoni. "Mtanilaumu tukifika. Glorious, acha kukodoa macho, kimbia kwa mwenye gari la samaki! Na vichupa hivyo vyote mvibebe, daktari avione."

Gari lilipanda milima likinuka samaki, Hedwiga ameegemezwa kifuani kwa mama mkwe wake ili apumue. Mtandao uliposhika, Protasi alimpigia Benadetha, akaeleza yote: zilizokosekana, zilizojumlishwa, ya mwisho iliyodungwa bila kipimo. Hakuficha hata moja. Benadetha akawapigia madaktari wa hospitali walikokuwa wakielekea, nao wakampokea wakijua tayari wanapambana na nini. Walimtoa maji tumboni, wakamtundikia dripu, wakampima asubuhi na jioni. Alipona. Lakini matibabu ya mzunguko ule yalivunjika, na tumaini alilolibeba miezi mingi likamwagwa pamoja na yale maji.

Alirudi kliniki baadaye, kuanza upya, kwa kipimo kidogo zaidi. Hakuwa peke yake. Mama Edina alikwenda naye, amebeba chupa ileile ya chai mkono mmoja, na jioni za Mbinga yeye ndiye aliyekuwa akiita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Mkwe, saa yako ya sindano!" Mtoto atakuja au hatakuja, hilo si letu kuahidi. Aibu ndiyo iliyokwisha kutolewa nje, ikaanikwa juani kama usipa.

Sasa wewe. Ndani ya ukoo wako yuko Hedwiga, na jina lake limekujia tangu mstari wa kwanza. Usisubiri msiba ujao. Inuka sasa hivi, nenda kwake. Kama ulimcheka, muombe radhi. Kama anatumia dawa, muulize ni nani anayemsindikiza, dawa inakaa wapi, na simu ya muuguzi wake ni ipi. Na wewe mwanamume unayemwachia mkeo abebe jina la utasa, fungua mdomo leo, mbele ya mama yako, ungali na wa kumtetea. Hedwiga alificha, mumewe akaficha, sisi tukawasaidia kuficha, na hukumu iliwakuta barazani mbele ya watu: mficha uchi hazai.