Haki ya Paka wa Bi Thuwaiba

Inasimuliwa, na waliosimulia walipokezana mdomo kwa sikio, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramauti, zama za wachamungu waliotutangulia, aliishi msusi wa vikapu aliyeitwa Muhsini bin Aqili pamoja na mkewe, Bi Thuwaiba. Mola awarehemu wote wawili. Vikapu vya Muhsini vilikuwa vizuri, lakini umashuhuri wake haukutokana na vikapu. Mtu huyu kwa miaka na dahari hakuwa amepitwa na takbira ya kwanza ya imamu katika sala ya jamaa. Mvua imnyeshee, homa imshike, mahali pake nyuma ya imamu hapakuwa patupu. Watu wakamwita Muhsini wa Safu ya Kwanza, naye, Mungu amsamehe, jina hilo likamkaa moyoni vizuri kuliko alivyokiri.

Hawakujaaliwa mtoto. Walijaaliwa paka wa kike, wa rangi ya tende mbichi, aliyeitwa Anisa. Bi Thuwaiba ndiye aliyemlea tangu hajafumbua macho, lakini paka naye ana mapenzi yake: alimpenda Muhsini. Kila adhana ikisikika, Anisa alinyanyuka na kumsindikiza hadi mlangoni.

Alasiri moja Muhsini alikuwa anamalizia ukingo wa kikapu. Akajiambia mshono mmoja, kisha mwingine, mara akasikia sala inakimiwa. Aliruka, akanyakua kilemba, akatoka mbio na kuuvuta mlango nyuma yake kwa nguvu zote. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nzito, umefungwa vyuma. Anisa alikuwa nyuma ya visigino vyake.

Bi Thuwaiba alikuwa kwenye tanuri la mikate. Alisikia kishindo, kisha akasikia sauti ambayo hakupata kuisikia kwa paka wala kwa kiumbe mwingine. Alipofika mlangoni alimkuta Anisa amebanwa mguu wa nyuma, na komeo limejifunga. Aliufungua mlango, akamkusanya paka kwenye upande wa kanga yake, akakimbia naye kwa jirani yao Mzee Bakheti, aliyekuwa akitibu ngamia wa misafara.

Mzee Bakheti aliutazama mguu, akatikisa kichwa. "Mwanangu, mguu huu umeshakwenda. Ama tuukate, ama tummalize apumzike."

"Nani kakwambia amechoka? Ukate."

Ukakatwa. Bi Thuwaiba ndiye aliyemshika, na alama za meno zilibaki kwenye kidole chake gumba. Kidonda kikachomwa kwa chuma cha moto, kikapakwa asali iliyochanganywa na manemane, kikafungwa kitambaa safi.

Muhsini alirudi baada ya sala na nyiradi zake zote, tasbihi mkononi. Alimkuta mkewe ameketi chini, paka amelala juu ya mto, na damu kwenye kanga.

"Hukumsikia?" Bi Thuwaiba akamuuliza.

Alikuwa na nafasi ya kusema hakusikia. Hapakuwa na shahidi kichochoroni.

"Nilimsikia," Muhsini akasema.

"Ukaenda."

"Sala ilikuwa inakimiwa. Nikasema nitamwangalia nikirudi."

"Ukaenda, Muhsini."

Tangu waoane Bi Thuwaiba hakuwahi kumwita jina lake kavukavu, bila ya bwana. Muhsini aliketi palepale aliposimama.

"Nimekosa," akasema. "Nitafunga saumu ya kafara. Nitatoa vikapu sadaka kwa ajili yake."

"Ufunge wewe, ashibe nani? Vikapu ndivyo vitamwotesha mguu?" Bi Thuwaiba alikuwa mwanamke wa hoja, wanawake wa mtaa walikuwa wakimleta mbele kila penye mzozo kisimani. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, bwana. Ukimkosea Mola wako, toba baina yako na Yeye. Ukimdhulumu kiumbe, toba yako inangoja mlangoni mpaka kiumbe akusamehe. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Haya. Mwombe radhi."

Muhsini alimtazama paka, paka akageuza uso. "Asiye na ulimi nitamwombaje?"

"Kwa mikono. Utamsafisha wewe kidonda. Utamlisha wewe. Utamshika akienda haja. Mimi mkono wangu sitii, nisije nikakupunguzia deni."

"Nimeridhia," akasema.

Na kweli aliridhia. Asubuhi na jioni alifungua kitambaa, akaosha, akapaka asali. Kazi hiyo haiendi kwa haraka: paka anajikunja, anauma, anajificha chini ya kitanda cha kamba, na kidonda hakingoji mtu arudi msikitini. Siku ya kwanza Muhsini aliwahi rakaa ya mwisho. Siku ya pili alisali nyumbani. Mahali nyuma ya imamu pakawa patupu, na watu wakaulizana.

Alipoulizwa kichochoroni alijibu kwamba ana udhuru, akapita. Neno udhuru ni pana, kila mtu akalifasiri atakavyo, na wote wakalifasiri ugonjwa. Zikaanza kuingia supu. Supu ya mbuzi kutoka kwa huyu, uji wa shayiri kutoka kwa yule, na kila bakuli limefuatana na dua ya afya.

Bi Thuwaiba aliyapanga mabakuli mbele ya mumewe. "Kunywa, mgonjwa."

"Sikusema naumwa."

"Hukusema. Umewaacha waseme wao, nawe unapokea. Mgonjwa wa nyumba hii ana mkia, bwana. Mwambie anayekuombea dua anamwombea nani."

Ilikuwa rahisi kwa Muhsini kukaa na njaa mwezi mzima kuliko kusimama mbele ya jamaa zake na kusema: niliposikia kiumbe analia, nilikwenda zangu kutafuta daraja kwa Mola. Jina lake lote lilikuwa limesimama juu ya safu ile.

Ijumaa baada ya sala, Imamu Jaafari akaja na watu wa msikiti kumjulia hali. Waliketi barazani, na Bi Thuwaiba akakaa nyuma ya pazia. Imamu alianza kumsomea dua ya shifaa. Alipofika katikati, Muhsini aliinua mkono.

"Basi, Shekhe. Unanisomea mimi, na mimi ni mzima. Paka wangu alibanwa na mlango nilioufunga mimi. Nilimsikia analia, nikamwacha, ili nisipitwe na takbira. Amekatwa mguu. Namuuguza chini ya kitanda cha kamba, ndiyo sababu hamnioni. Supu zenu nimezipokea bila ya haki. Mnisamehe."

Kisha mmoja wao, mfanyabiashara wa ubani, akacheka puani. "Subhanallah! Safu ya kwanza imeangushwa na paka! Sasa tukuiteje, Muhsini wa Kitanda cha Kamba?"

"Niite hivyo," Muhsini akasema. "Ndiko ninakoshinda."

Imamu Jaafari alikuwa mtu mpole, hakupenda kumwona rafiki yake katika dhiki. Akasema, "Jambo hili lina njia nyepesi. Paka ni mali ya mwenyewe. Bi Thuwaiba, dada yangu, unatusikia? Msamehe mumeo, yaishe, arudi mahali pake."

Sauti ya Bi Thuwaiba ikatoka nyuma ya pazia, taratibu. "Changu mimi, Shekhe, nimeshasamehe. Cha paka si changu. Au mguu uliokatwa ulikuwa wangu?"

Imamu aliinamisha kichwa, akatabasamu ndani ya ndevu, akasema, "Sina la kuongeza." Wageni wakaaga. Mwenye ubani alikuwa wa kwanza kutafuta viatu vyake.

Bi Thuwaiba alibaki nyuma ya pazia na ladha tamu kinywani. Lilikuwa jibu zuri, naye alijua ni zuri. Alikuwa analirudia moyoni, anatafuta kama kulikuwa na namna ya kulisema kwa makali zaidi, alipoingia chumbani na kuinama kumtazama Anisa chini ya kitanda.

Alipeleka mkono mgongoni. Mifupa ilikuwa inahesabika kama mishono ya kikapu.

"Amekula nini leo?" akauliza.

"Hajala," Muhsini akasema kutoka mlangoni.

"Jana?"

"Maji kidogo, niliyomdondoshea. Hapokei mkononi mwangu. Nikimsogelea anajibana ukutani. Nimekaa naye tangu alfajiri, bakuli mbele yangu, nyama imeota utando."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema hutii mkono wako."

Bi Thuwaiba alikaa chini. Alikuwa amesema hivyo kweli, na kila mara alipomwona mumewe anatoka chumbani na bakuli lililojaa, alikuwa amejiambia: na aonje, anavuna alichopanda. Hakujiuliza nani anakaa na njaa wakati mavuno hayo yanavunwa. Hoja yake ilikuwa imesimama wima kwa miguu minne. Paka alikuwa na mitatu, na hakuwa na nguvu ya kusimama hata juu ya hiyo.

"Ewe Mola," akasema polepole, "yeye alimdhulumu kwa sala yake. Mimi je? Nimemdhulumu kwa maneno yangu."

Alinyanyuka, akaenda kwenye mabakuli ya supu, akachukua ile ya mbuzi, akaichambua nyama kwa vidole mpaka ikawa nyuzinyuzi. Akarudi, akaketi ubavuni mwa mumewe.

Muhsini akamtazama. "Si ulisema—"

"Nilisema. Nimekosea. Sogea."

Akaweka nyama kwenye kiganja cha mumewe, kisha akaufunika mkono ule kwa mkono wake mwenyewe, vidole vyake juu ya vya mumewe, ili harufu anayoijua paka tangu hajafumbua macho iwe ndiyo ya kwanza kumfikia. Wakanyoosha mikono yote miwili chini ya kitanda kama mkono mmoja. Wakangoja. Magoti yakawauma. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, na Muhsini hakutikisika.

Pua ikatokeza. Ulimi ukagusa kidole cha Bi Thuwaiba, ukakwaruza, ukapita, ukafika kwenye kiganja cha Muhsini. Anisa alikula uzi mmoja wa nyama, akarudi ukutani. Kisha akatoka tena.

Muhsini alikuwa analia bila ya sauti, na Bi Thuwaiba alijifanya hakuona.

Tangu siku hiyo walimuuguza pamoja, na kazi ikawa kazi tu, kama kazi nyingine za nyumba. Kitambaa kilibadilishwa, kidonda kikakauka, manyoya yakaanza kuota pembeni. Waliweka karai la mchanga pembe ya chumba. Anisa alikuwa akifukia haja yake anapinduka, kwa hiyo Muhsini, ambaye wanafunzi wa msikitini walikuwa wakigombania kumtilia maji ya udhu, alipiga magoti na kumshika kiuno mpaka amalize, uso ameugeuza kwa adabu. Bi Thuwaiba alikuwa akimwambia, "Usimtazame, bwana, ana haya kuliko wewe." Paka alijifunza kwenda moja kwa moja kabla ya kujifunza kukata kona. Akitaka kugeuka, makalio yalitangulia, akaanguka, akakaa hapo akiramba kifua, kana kwamba alikusudia kukaa.

Lililomfikisha Muhsini kwake lilikuwa jambo dogo. Sikio la upande ule usio na mguu lilimwasha. Anisa aliinamisha kichwa, na kipande cha paja kilichobaki kikapepea hewani, kikikuna pasipokunika. Kikapepea, kikapepea. Muhsini akanyoosha kidole na kumkuna pale pale. Paka alifumba macho. Baadaye, kila sikio lilipomwasha, alikwenda kwa Muhsini, akamgeuzia upande ule, akangoja.

Muhsini alirudi msikitini jeraha lilipofunga. Siku nyingine aliwahi safu ya kwanza, siku nyingine ya mwisho, na hakusukumana na mtu. Lakini moyo wake haukutulia. Kila mara alimuuliza mkewe, "Unaonaje, amenisamehe?" Na Bi Thuwaiba, aliyekuwa na jibu kwa kila swali la mji ule, alisema, "Hilo sijui, bwana. Hilo sijui."

Mpaka siku aliyoleta Muhsini ini la kondoo. Alikuwa anampa mkewe, hajalifikisha, Anisa akaruka kutoka sakafuni, mara ya kwanza tangu akatwe, kwa mguu mmoja wa nyuma, akalinyakua hewani na kuondoka nalo. Njiani kucha zake zilipita mgongoni mwa mkono wa Muhsini toka kifundo hadi vidole, damu ikachuruzika.

Muhsini aliutazama mkono ule, uso ukang'aa kama wa mtu aliyeandamiwa na mwezi wa Idi. "Thuwaiba! Njoo uone! Amechukua kisasi chake!"

Bi Thuwaiba aliushika mkono, akaugeuza upande huu na upande huu, akaukagua kama kadhi.

"Mkwaruzo kwa mguu?" akasema. "Nani kakuuzia bei hiyo? Bado anakudai."

Muhsini akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Basi naendelea kulipa."

Na aliendelea. Wanasema alimchambulia nyama kwa vidole vyake hadi paka yule alipokufa kwa uzee, na hakuna siku aliyosikika akisema kwamba deni limekwisha.

Ndugu zangu katika imani, Mwenye kuabudiwa ni Mkwasi, hapungukiwi na kitu tukimfikia katika safu ya nyuma kwa sababu tulisimama kumwinua aliyeanguka. Anayelia ndiye asiye na muda. Na ewe mwenye ulimi wa kutetea haki, kabla hujaonja utamu wa kushinda, inama kwanza umtazame unayemtetea. Je, amekula?